Moshi wa Nyumba ya Koko

Jumamosi. Mvua imetuamsha alfajiri, ikakatika saa nane mchana, na sasa ukungu unapanda polepole kutoka bondeni. Rezo ya simu iko, betri imebaki nusu, na mimi nimekaa mlangoni kwangu na chai. Moyo umetulia. Ni muda mrefu sijaandika maneno hayo hapa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kubomoa nyumba ya mama.

Nianze mbali kidogo, maana najijua. Nikianza na ya leo nitalia kabla sijafika katikati.

Mimi ni mshonaji hapa Nyabiondo, Masisi. Mashine yangu iko kwenye baraza karibu na soko, na nikiinua kichwa naiona nyumba ya mama mlimani, dakika kumi kwa miguu, kando ya njia ya wanaokwenda mashambani. Ni nyumba ya mbao, vyumba vitatu, na jiko limeshikamana nayo kwa nyuma. Marehemu mama watu wote walimwita Koko, yaani bibi, hata waliokuwa karibu rika lake. Alifariki mwaka jana, kwa uzee tu, kitandani mwake. Tangu hapo nyumba imekuwa yetu wawili, mimi na kaka yangu Bahati.

Kaka anaishi Goma. Amepata kiwanja huko, ana watoto watano wanaolala chumba kimoja, na hana mbao za kujengea. Hapo ndipo shida ilipoanza. Nyumba ya mbao kwetu haivunjwi kama ya matofali. Inafunguliwa. Misumari inang'olewa mmoja mmoja, mbao zinapangwa kwenye lori, manjanja, yaani mabati ya paa, yanafungwa kwa kamba, na jioni panabaki udongo mkavu tu mahali watu walipozaliwa. Mara nyingi nimeona nyumba za hapa zikipita barabarani namna hiyo, mlango umelala juu ya dirisha, zikienda kusimama kwingine.

Kaka si mtu mbaya, naomba niliandike hilo. Alinipa miezi mitatu. Aliniambia kwenye simu, "Dada, nyumba bila muntu inaoza tu. Tafuta mupangaji wa kweli, muntu wa kukaa. Ukimukosa, nakuja na Fuso, mbao zikafunike watoto wangu."

Nikaanza kutangaza.

Kwanza kibao. Niliomba rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule, nikachukua ubao mpana, nikaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA YA KUPANGISHA. VYUMBA VITATU, JIKO, CHOO. MUULIZE MAMA NEEMA MSHONAJI, SOKONI. Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini nilitaka mpangaji mwema, si mpangaji tu, kwa hiyo nikaendelea kwa chini: AWE MTU WA SALA. ASIWE MLEVI. AWE ASIYE NA MBUZI WENGI. ASIYE...

Na rangi ikaisha.

Nilikipigilia hivyo hivyo kwenye ukuta unaotazama njia, nikisema nitamalizia nikipata rangi nyingine. Sikupata, na kusema kweli sikutafuta sana. Sokoni walinitania mpaka nikazoea. Muuza ndizi wa jirani yangu kila asubuhi alinisalimia akidai ni yeye aliyeandikwa, "Mama Neema, miye njo ule asiye! Nipangishe!"

Jumapili nikapeleka karatasi kanisani. Tangazo langu lilisomwa baada ya lile la mazoezi ya kwaya na kabla ya lile la mbuzi aliyepotea. Baada ya ibada watu watatu walinifuata nje, nikajipanga, nikaweka uso wa mwenye nyumba. Wote watatu walitaka kujua kama nimemwona yule mbuzi.

Ndipo binti yangu Neema, aliyeolewa Bihambwe, aliponishauri nipige picha. Nilingoja siku ambayo jua lilitoka baada ya mvua. Manjanja yaling'aa, mgomba wa uani ulikuwa kijani kibichi, na moshi ulikuwa unapenya chini ya paa ukienda zake mlimani. Picha nzuri ajabu. Nikaituma kwenye vikundi vya WhatsApp vya watu wa hapa, na kingine cha walimu na wafanyabiashara kinachofika mpaka Walikale. Nilipata mioyo myekundu mingi. Mmoja aliandika, "Munaishi muzuri kule." Mwingine akatubariki sisi na nyumba yetu na wote waliomo. Hakuna aliyeuliza bei.

Miezi miwili na nusu ikapita hivyo. Nilidhani kuna kitu kibaya ambacho watu wanakijua juu ya nyumba ya mama na wananificha.

Sasa nieleze habari ya ule moshi.

Kila siku saa tisa nilifunga mashine, nikapanda kuwasha moto jikoni kwa mama. Nyumba ya mbao inahitaji moshi. Unakausha paa, unafukuza wadudu wanaokula mbao, na panya nao wakisikia harufu ya watu wanatafuta kwingine. Kwenye mvua zetu hizi, nyumba ikikaa mwezi bila moto unakuta uyoga umeota ukutani. Mama alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na mama yake. Nilikaa hapo kidogo, nikaacha kigogo kikubwa kikiungua taratibu, nikafunga mlango wa jiko kwa kijiti chake, nikashuka. Nyumba yenyewe ilikuwa na kufuli. Jiko halikuwahi kuwa na kufuli.

Nikiri kitu hapa. Mara nyingi, nilipopanda, nilikuta jivu limezolewa na kuni moja imelazwa pembeni ya mafiga. Ilikuwa imekatwa kwa panga, safi kabisa. Mimi kuni zangu nazivunja kwa mguu. Siku nyingine nilijiambia nimesahau tu. Siku nyingine nilijiambia ni mama.

Wiki mbili zilizopita, mwalimu mgeni aliniletea suruali nimpunguzie. Katika kupima akalalamika juu ya chumba alichopanga nyuma ya soko, mvua inamwagikia vitabu. Nikamwambia pole, ungepanga kwa Koko pale juu ungekaa vizuri.

"Ile nyumba?" akashangaa. "Mama, nilipita pale mara tatu. Lakini iko na watu."

"Watu gani?"

"Si moshi inatoka kila siku? Muntu anapika mule. Nikasema walisahau tu kutoa kibao."

Nilikuwa na pini midomoni, nusura nizimeze. Nilicheka mpaka nikaegemea mashine, naye mwalimu akabaki amesimama na mguu mmoja wa suruali umekunjwa na mwingine haujakunjwa. Miezi miwili na nusu! Njia nzima ya mashambani inapita pale, kila mtu anasoma kibao, kisha anatazama paa, anajiambia nyumba imepata mwenyewe. Hata picha yangu nzuri ilikuwa inawaambia watu wote wa Masisi na Walikale kwamba hapa pana mtu, piteni salama. Ndiyo maana walitubariki.

Mwalimu aliondoka akisikitika kwamba chumba chake ameshakilipia miezi sita, na kicheko changu kikaisha. Dawa ilikuwa rahisi: acha kuwasha moto, nyumba ionekane tupu.

Nami nikapanda siku hiyo hiyo saa tisa nikawasha.

Na kesho yake. Na siku kumi zaidi.

Ee shajara, wewe siwezi kukudanganya. Moto ule haukuwa wa wadudu peke yao. Nikiwa kwenye mashine, nikiinua kichwa na kuona moshi pale mlimani, kwa muda mfupi, mfupi sana, mama yuko jikoni anapika maharagi. Halafu nakumbuka, narudi kwenye mshono. Nilikuwa natangaza nyumba kwa mkono mmoja na kuificha kwa mkono mwingine. Nilijua, na sikuacha.

Jumanne kaka akapiga simu, miezi mitatu imefika. Fuso imepatikana, fundi yupo, wanakuja Jumamosi.

Jumatano sikupanda. Ilipofika saa tisa niliinama kwenye gauni la bibi harusi nikashona mfululizo bila kuinua kichwa. Niliposhindwa kujizuia nikatazama, paa lilikuwa limekaa tu, kavu, halina kitu juu yake. Nililala mapema bila kula.

Na kweli, dawa ilifanya kazi haraka. Alhamisi asubuhi alikuja mfanyabiashara wa maharagi, mtu mwenye heshima zake, akasema ameona nyumba iko wazi. Alikuwa tayari kulipa garanti, kodi ya mbele ya miezi sita, papo hapo. Nikamuuliza familia yake ni watu wangapi.

"Hapana, Mama," akasema, "maharagi njo itakuwa inalala mule."

Nikauliza nani atakuwa anapika. Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akacheka kwa adabu. Alitaka stoo. Angefunga madirisha kwa mbao, angeweka kufuli mbili, angekuja siku za soko. Kaka angekubali. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekubali, maana mbao zingebaki zimesimama. Nilimwambia anipe mpaka Jumamosi, na siku nzima kwenye mashine nilikuwa najitukana.

Ijumaa, jana, saa kumi hivi, nikainua kichwa.

Moshi.

Sikuwa nimewasha mimi. Niliacha mashine na kitambaa ndani yake, nikapanda mlima na utepe wa kupimia shingoni. Njia ilikuwa telezi, nilianguka mara moja, kanga yangu bado ina tope. Sitaandika nilichokuwa nafikiri njiani. Mtu mzima ana haki ya kubaki na vitu vyake vichache.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mwanamke kijana, wa rika la Neema wangu, amechuchumaa anapuliza moto, na mtoto amelala mgongoni mwake. Aliponiona aliruka akasimama.

"Unisamehe, Mama. Moto yako ilikufa, siku mbili sasa. Nikasema mwenye nyumba iko mugonjwa. Nikaenda kutafuta moto kule chini kwa watu, nikaleta. Nilikuwa nangojea nione kama utakuja."

Niliketi kwenye kigoda cha mama.

Anaitwa Mama Riziki. Yeye na mumewe wametoka upande wa Walikale, ndani kwenye msitu, wamekuja kulima kwenye shamba la ndugu wa mume. Ndugu huyo amewapa chumba kimoja, wamo wanne, na hawana mahali pa kuwasha moto isipokuwa mbabula, jiko dogo la makaa, mlangoni. Kila siku, akirudi shambani, alipita hapa na kigae cha chungu kuchukua kaa moja la moto. Alibisha mlango wa mbele mara nyingi, hakuna aliyeitika, akaona mwenye nyumba huenda bado yuko shambani. Kwa kuwa hakuwa na wa kumwomba, alizoa jivu na kuacha kuni moja.

Kuni moja kwa kaa moja. Ndivyo mama alivyotaka kwa kila aliyekuja kuomba moto, na hakuwahi kumnyima mtu. Nilidhani watu wameshaacha. Huku sokoni siku hizi kila mtu ana kiberiti.

"Lakini huku baridi inauma mupaka mu mifupa, Mama," akasema huku akicheka, akiona nimeanza kutabasamu. "Kwetu mu pori hatuijue hii."

Nikamuuliza kama hakuona kibao. Akarekebisha kanga ya mtoto.

"Nilikiona. Papa Riziki alinisomea yote. Hata siku moja tulisema tukuje kuuliza kama kweli mule iko watu. Lakini kule chini waliandika asiye, halafu hawakumaliza. Tukasema labda ni sisi hawatake."

Niliona aibu ambayo sijui niielezeje. Nimechekwa soko zima kwa ajili ya neno lile, na mimi mwenyewe nimecheka. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atasimama pale na mtoto mgongoni, amalizie mwenyewe sentensi yangu, na ajiweke ndani yake.

Nilitoka nje, nikashika kibao kwa mikono miwili, nikaking'oa. Kilikuwa na misumari minne, na mmoja umenikwaruza kidole. Nikakipeleka jikoni, nikamwonyesha, nikakivunja kwa mguu, nikakiweka motoni. Rangi ya bluu inatoa moshi mbaya, tulikohoa wote watatu. Kisha nikamfungulia kufuli ya mbele. Alipita vyumba vyote polepole, akigusa mbao kwa kiganja. Sikumuuliza habari za sala wala za mbuzi. Nilimpa sharti moja tu, apike kila siku. Akaniuliza kama ni hilo tu. Nikasema ni hilo tu, na kodi mwezi kwa mwezi, mavuno yakitoka.

Walihamia jana hiyo hiyo kabla giza halijaingia. Vitu vyao vyote vilipanda mlima kwa safari mbili.

Na leo kaka amekuja.

Saa nne, katika mvua, niliisikia Fuso kabla sijaiona. Kwa kweli niliogopa. Makubaliano yalikuwa mpangaji kabla ya Jumamosi, na nilikuwa naye tangu jana tu, na hana garanti, na kaka ametoka Goma kwa barabara ile na gari la kukodi. Angeweza kukasirika na asiwe na kosa. Tulipanda pamoja, yeye, fundi mwenye nyundo na koleo la misumari, na mimi nyuma nikieleza haraka haraka. Ilikuwa kama hanisikii. Alikuwa anatazama paa.

Mlangoni Mama Riziki alimmwagia maji ya kunawa. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa kwa mawese ya kwao, mekundu, mazito, yenye harufu inayofika njiani. Kaka aliketi chini, mgongo kwenye nguzo ile ile aliyokuwa anaegemea akiwa mtoto, na akala. Fundi naye akala, koleo liko magotini. Mimi nikawaongezea sombe.

Alipomaliza akanawa, akauliza, "Batoto wanalala mu chumba gani?"

Mama Riziki akamwonyesha. Ni chumba chetu, cha kaka na mimi. Pembeni palikuwa na sufuria sakafuni, inapokea maji, tone, tone. Panavuja pale pale tangu nikiwa na miaka saba. Kaka aliisikiliza sufuria ile kwa muda. Kisha akamgeukia fundi.

"Panda juu. Piga misumari pale."

Basi fundi aliyeletwa kung'oa akapanda kupigilia. Kila nyundo ilipogonga, mtoto wa Mama Riziki alishtuka halafu akacheka, na kaka, mzee mzima mwenye mvi, akawa anashtuka pamoja naye ili acheke zaidi.

Watoto wa kaka bado wanalala chumba kimoja, hilo halijabadilika, na lilikuwa linanichoma. Nimemwambia sehemu yangu ya kodi iende kwake mpaka anunue mbao zake. Alikataa, akakataa tena, halafu akanishika kichwani kama zamani, ndiyo njia yake ya kukubali. Fuso nayo haikurudi tupu. Nilimkumbuka yule bwana wa maharagi, nikamkimbilia sokoni kumwambia nyumba hakuna ila gari lipo. Akapakia magunia yake yote kwenda Goma na akanishukuru. Kwa hiyo hata yeye sikumkosea sana.

Kaka alipoondoka nilikumbuka nimesahau utepe wangu wa kupimia kule jikoni tangu jana. Nikapanda. Nilifika mlangoni, nikaweka mkono kwenye mbao kusukuma, kama nilivyosukuma mlango ule miaka yote ya maisha yangu, bila kufikiri.

Mkono ukasimama.

Nikaurudisha. Nikajipangusa tope miguuni. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua vizuri, "Hodi."

"Karibu, Mama," ikajibiwa kutoka ndani. "Ingia, moto inawaka."

Sasa niko kwangu, chai imepoa, simu inalalamika betri. Kutoka hapa mlangoni naona moshi unapenya chini ya paa la Koko, mnene kidogo, nadhani wametia kuni mbichi. Jumatatu nitakuwa tena kwenye mashine na gauni la bibi harusi. Nitainua kichwa, maana sijui kushona bila kuinua kichwa. Nitaona moshi, na nitajua ni nani anapika.

Sijui kama nitalia. Nadhani nitaendelea kushona.